Demo Niliyomtumia Zuhura

Ijumaa, baada ya swala ya alfajiri

Wengi hukosea kudhani kwamba mtunzi wa taarab ndiye anayeamua wimbo unamsema nani. Anayeamua ni mwanamke atakayeinuka ukumbini na kwenda kuucheza mbele ya mwenziwe. Tangu hapo wimbo ni wa huyo aliyechezewa.

Sasa hii demo yangu. Niliimba mwenyewe kwa kinanda, kuhusu nyumba yetu ya Mwera iliyohamwa ikabaki na popo. Nilimtumia Zuhura, binti wa dada yangu Saumu, asikilize besi tu, maana yeye ni DJ na ana spika nzuri. Jana jioni akanipigia.

"Shikamoo mjomba. Kile kibao nakipiga kesho, harusi ya mdogo wangu."

"Marahaba. Hakijaiva, mwanangu."

"Mama keshakishika chote! Kasema nikiweke Bi Rehema akiingia tu."

Bi Rehema ni mke mwenza wa Saumu, na hakujaliwa mtoto. Nyumba tupu, popo... Wallahi sikumfikiria hata kidogo, lakini nani atanisadiki? Bwana harusi ni mpwa wake. Akitoka kwa hasira atatoka na watu wake, na mwali wetu atabaki na hina mikononi.

Nikimkataza Zuhura, Saumu anao wimbo kwenye simu na atauimba mwenyewe. Naye kwa simu haambiliki.

Basi najiambia: nenda Pangani leo, ukae na Saumu, umwombe asiinuke.