Chai Ilikuwa na Sukari?

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifunza nisimpite mtu mzima bila kumwamkia. Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha kambi ya polisi ulikokulia, kile ambacho Mama husema kinanuka buti.

Kwanza, Kasimu ametolewa mafindofindo. Mjukuu wako ni mzima. Natanguliza hilo usije ukahangaika. Hapa Nateete tupo, cherehani yangu bado inapiga kelele, na Mama bado anakutolea kikombe asubuhi, kisha anakirudisha kabatini.

Sasa nikueleze lililotupata, maana tangu siku ile nimekuwa kama mtu aliyeguswa begani, akageuka, asione mtu.

Tuliambiwa Kasimu asile kitu kabla ya upasuaji. Nilificha mkate, nikafunga jiko, nikaenda kuoga. Akabaki na Mama. Akalia njaa. Wewe unamjua mkeo, kwa hiyo umeshajua kilichofuata. Mimi sikujua.

Hospitalini muuguzi aliniuliza, "Mtoto amekula?" Nikasema hapana, na nilikuwa nasema kweli kwa kadiri ya nilivyojua. Akamgeukia Mama. Mama akatazama dirishani. "Hajala, bambi, maskini wa Mungu."

Baba, mwanamke yule yule! Miaka yote ya kazi yako ya kulaza wagonjwa amekusikia ukieleza mezani, hadi tukakuomba unyamaze tule, kwamba aliyelazwa na dawa hana kikohozi cha kumlinda, na chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kushuka mapafuni. Aliyaelewa vizuri. Lakini kwao bibi hamtoi mtoto nyumbani na tumbo tupu, hata kama anakwenda kwenye kisu. Na baadaye aliogopa kusema, tusije tukapoteza nafasi tuliyoisubiri muda mrefu.

Ndipo akaja daktari wa usingizi, Akello, mama mrefu mwenye sauti ya chini. Hakutuuliza sisi. Alichuchumaa mbele ya Kasimu, akamfunga kifungo cha shati, akasema kama mtu anayepitisha muda, "Kijana, chai ya leo ilikuwa na sukari?"

"Kidogo tu," Kasimu akasema. "Lakini kabalagala zilikuwa tamu."

Nilimwogopea mtoto, ndiyo. Kidogo tu angelazwa akiwa na chai na vitumbua vya ndizi tumboni. Lakini swali lile, Baba! Nililijua kama ninavyoijua harufu ya shati lako. Ulikuwa ukivua viatu mlangoni na kutuambia: "Mtu ukimuuliza amekula, anakupa jibu unalolitaka. Muulize kama chai ilikuwa na sukari. Aliyekunywa atajibu kabla hajakumbuka kuogopa."

Mama alijifunika uso kwa kitambaa. "Huyu mzee! Hata kaburini ananikamata!"

Daktari akauliza ni mzee gani. Nikataja jina lako. Akasimama taratibu, akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta pua yako katika nyuso zetu. "Alinifundisha kushika taya ili aliyelala apumue," akasema. "Mikono hii aliipanga yeye."

Akatueleza kwamba wanafanya utafiti pale hospitalini. Wagonjwa wengine wanaulizwa kwa njia ya kawaida tu, wengine wanaongezewa swali lako, ili ijulikane ni njia ipi inayoleta ukweli kabla mtu hajalazwa. Nikamuuliza kama lako linashinda. Akacheka. "Matokeo bado. Mwalimu angenigombeza nikitangulia."

Wewe ulidhani unapiga soga tu na watoto wako huku ukitafuta ndala. Kumbe swali lilitoka, likatembea, likaingia vinywani mwa watu ambao sikuwahi kuwaona, likarudi kutukuta sisi wenyewe.

Kasimu hakupasuliwa siku hiyo. Tulirudi siku nyingine, safari hii Mama mwenyewe ndiye aliyelinda jiko, amesimama mlangoni kama askari. Daktari aliniruhusu kuingia hadi mtoto asinzie. Nilimwona akilegea katikati ya neno. Daktari akaweka vidole chini ya taya lake, akaliinua polepole, jinsi mtu anavyoinua yai kutoka chini ya kuku. Mashine zilikuwa zinalia vizuri, lakini yeye bado aliweka kiganja karibu na pua ya mtoto, akasikiliza.

Nilikuona wewe. Jumapili mchana tukiwa tumelala mkekani, ulikuwa ukipita na kiganja hicho hicho. Mimi nilikuwa nabana pumzi makusudi. Nawe ulingoja, hukunitikisa, hukuniita, ukangoja tu hadi kicheko kinitoke. Nilidhani ni mchezo. Labda ulikuwa mchezo. Lakini nilipoona kifua cha mwanangu kikipanda chini ya mkono ule, nilielewa kazi yako, nami ni mtu mzima sasa: watu walikuwa wanakuachia pumzi zao uwashikie, nawe ukawarudishia, kisha ukaja nyumbani kula viazi na sisi kana kwamba hukufanya lolote.

Alipoamka, koo lilimuuma, akalia kidogo. Baadaye daktari akasema anaweza kunywa kitu, kisiwe cha moto. Mama alikuwa na chupa tayari, chai ameipoza tangu asubuhi. Nikammiminia. Nikamuuliza, "Mwanangu, chai ina sukari?"

Akaonja. Akakunja uso. Kwa sauti ya chura akasema, "Ongeza."

Mama akalia hapo. Mimi nikaongeza.

Lala salama, Baba. Kwenye cherehani yangu hupita watu wengi, na kila atakayeniambia anampeleka wake kwenye kisu, nitampa swali lako aondoke nalo. Na Kasimu akilala mchana, nitapitisha kiganja. Akibana pumzi, nitangoja.

Binti yako,
Zaituni