Nyaya za Mbuzi Wako

Akko, nyanya yangu mpendwa, assalam aleikum.

Jana nusura nishindwe kuonyesha mradi wetu wa kisima. Kompyuta ya shule ina tundu dogo la kisasa, na projekta ya hapa Isiolo inataka waya wa zamani wenye kichwa kipana. Mwalimu alinipeleka kwa mama mmoja fundi, akachakura gunia la vifaa vilivyotupwa hadi akapata adapta.

Kisha yule fundi akaniuliza, "Wa kijiji cha Merti wewe? Si nyinyi mnafunga mbuzi kwa nyaya za chaja mbovu!"

Nilicheka, nikakukumbuka wewe na mbuzi wako. Alikataa pesa, akaomba nyaya hizo azitumie kuwatengenezea wengine adapta. Picha zetu zilionekana vizuri sana! Tafadhali wafunge mbuzi kwa kamba, nyaya umpe dereva wa lori linalokuja Isiolo. Nimemwahidi huyo mama fundi.

Mungu akutunze, Akko.

Halima wako