Mkono wa Watu Mia Nne

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa zahanati amenitoa damu vichupa vitatu. Nikamwomba anibakizie ya kurudia nyumbani. Hakucheka. Binti yangu wa mwisho ndiye aliyenikokota huko, eti kwa sababu wiki iliyopita nilianguka bafuni, na eti siku hizi nimekuwa kama nimezimwa. Nimezimwa! Mimi ni taa?

Daktari ni msichana mdogo mwenye raba miguuni. Akauliza nakula nini. Nikamjibu: chakula. Jana nilikula nini? Chai na mkate. Juzi? Chai na mkate. Asubuhi au jioni? Hapo nikazitazama raba zake. Binti yangu akaanza kulia palepale, watu wanatazama. Aibu tupu.

Jumanne, 4 Machi

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunikodolea macho. Miaka thelathini na moja nimepika jikoni mwa shule. Watoto mia nne kila mchana. Mkono wangu haujui kupima cha mtu mmoja, basi.

Baba watoto alipofariki nilijaribu. Nilitaka maharage ya sahani moja, nikaja kushtuka nimeshachambua kilo mbili na sufuria linatokota. Nikala siku tano mfululizo. Siku ya sita yakachacha, nikayamwaga nyuma ya choo huku nikitazama huku na huku kama mwizi — mimi, niliyekuwa nikiwafokea watoto kwa kubakiza punje! Tangu siku hiyo, chai. Chai ya mtu mmoja naiweza.

Miezi kumi na minne sasa.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu yametoka. Damu imepungua, na ile vitamini B12 karibu haimo kabisa. Kumbe ndiyo hii ganzi ya miguu. Ndiyo huu ulimi unaowaka, na kusahau sahau. Nami nilidhani ni uzee umebisha hodi! Daktari anasema vitamini hiyo ikipungua, hata moyo huweza kulegea na huzuni kuingia. Ila kwangu anaona kuna pia sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa, na hiyo tutaitazama peke yake. Nikamwambia sina sonona, nina hasira. Akasema mara nyingi hivyo viwili hulala chumba kimoja. Msichana huyu ana mdomo!

Sindano kila baada ya siku moja, kwa wiki mbili, halafu zitapungua. Vidonge vya madini ya chuma. Mayai, maini, maharage, mboga. Na kila Alhamisi niende tuzungumze. Nikauliza tuzungumze nini. Chochote, akasema, hata hiyo hasira.

Jioni Mkubwa akapiga simu. Huyu ni kifungua mimba wangu, anaongea kama barua ya ofisi. Nihamie kwake. Chumba kipo, dada wa kazi atanipikia, nyumba yangu ipangishwe. Tarehe 22 anakuja na gari. Hakuniuliza, alinitaarifu! Nikamwambia mimi si kabati. Akasema, "Tunakujali, Mama." Najua mnanijali. Ndiyo maana siwezi hata kuwatukana vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Sindano ya tatu jana. Nimepika maharage. Nimejichunga, nimepima kwa kikombe, nimeapa — na sufuria likajaa tena! Nikakaa chini sakafuni. Nilikaribia kulia. Halafu nikapandwa na hasira, nikalibeba lote hadi kwa jirani, Fundi Saa, mgane yule mwenye ulimi mkali.

Akafunua kifuniko. "Kuna msiba?"

"Msiba ni wewe. Lete sahani."

Akala mbili. Akakiri kwamba tangu mwaka uanze anaishi kwa biskuti. Biskuti! Mtu mzima na ndevu zake! Anasema kesho atakuja kwangu. Nimemwambia asije mikono mitupu, aje na vitunguu.

Jumapili, 16 Machi

Leo mezani tumekuwa wanne. Fundi Saa, bibi wa ghorofani, na karani mstaafu asiye na meno, ambaye nilimpondea maini mpaka yakalainika. Sufuria limekwisha. Limekwisha kabisa, nimelikwangua mwenyewe!

Nimecheka mara mbili. Baadaye, nikiosha vyombo, nikajiona nina hatia, kama nimemwibia marehemu kitu. Ulimi hauwaki tena. Ganzi bado ipo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia daktari ile habari ya kucheka. Nimelia hadi kamasi. Yatosha.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi mbaya. Nimeamka na jiwe kifuani, lilelile la miezi yote hii. Sindano zote hizo na jiwe lipo! Msichana alinionya kwamba damu itajaa upesi kuliko moyo. Sikumwamini. Leo namwamini, na ninamkasirikia.

Mkubwa amefika saa tatu, akanikuta bado kitandani. Siku zote hizo, anikute leo! Akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja magauni yangu. Anakunja vibaya, kama baba yake.

"Unaona mwenyewe, Mama."

"Naona. Nina sonona." Mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtoto wangu. "Ni ugonjwa, na daktari wake yuko mtaa huu, nimeshamzoea. Kwako nitalishwa. Hapa nalisha. Rudisha magauni."

Akalikunja upya gauni alilokuwa nalo mkononi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, si ile ya ofisi, "Na siku usipoamka?"

Ni swali zuri, na limeniuma kwa sababu ni zuri.

Hapo geti likagongwa kwa fujo. Fundi Saa, kwa sauti yake yote: "Mpishi! Saa nne hii! Tufe njaa?"

"Nani huyo?" Mkubwa akauliza.

"Huyo ndiye wa siku nisipoamka."

Hakurudisha magauni wala hakuongeza jingine. Nimemwomba asubiri kwanza nimalize kuandika, naye, mtoto mwenye adabu, amekaa juu ya sanduku anatazama saa yake. Daftari lina kurasa arobaini tupu. Mguu mmoja nimeshaushusha sakafuni.

Nje sasa wanagonga wawili.