Meno Yaliyomfukuza Filimbi

Jumatatu, 3 Julai 1995
Leo nimetafuna michembe mikavu ya viazi vitamu mbele ya watu wote kituo cha pamba — kra kra kra, kama fisi! Jirani yangu Thomasi kabaki mdomo wazi.
Uongo. Niliifyonza mpaka ikalainika, nikaimeza. Lakini meno ninayo! Ya plastiki, yana waya unaokumbatia yale yangu mawili ya juu yaliyobaki. Tumeuza pamba kwa mnunuzi binafsi, binti yangu Flora akanipeleka Mwanza. Soko huria — hata tabasamu siku hizi linanunuliwa.

Alhamisi, 6 Julai
Milembe amekataa uji. Macho yake yalizimika mwaka juzi, na tangu masika kumbukumbu nazo zinamtoroka. Hula kwa mkono wangu tu. Leo kaniuliza, wewe nani? Mumeo. Akasema mume wangu ana filimbi mdomoni, wewe unaongea kama karani.
Kweli. Mwanya wa yale mawili hupiga mluzi kila penye s, na haya ya plastiki yameuziba. Tangu ujana ananiita Filimbi.
Nikayatoa, nikatia mfukoni. Sasa sikia, Milembe! Akacheka. Umechelewa, Filimbi. Kuna kizee kimekuja na meno yake, kinajifanya wewe. Kifukuze!
Nikakifukuza kwa fimbo, nikabamiza mlango. Akala bakuli zima.

Jumatano, 19 Julai
Waya unanikata ufizi. Fundi wa meno anasema tung'oe hayo mawili, uvae seti nzima, utakula nyama. Flora naye: Baba umekonda, watu watasema sikulishi.
Nimekubali. Nyama bwana!

Jumanne, 22 Agosti
Nimerudi. Mwezi mzima Mwanza nikingoja ufizi upone. Flora anasema mama alikubali mkono wake kidogo kidogo, kila akiambiwa Filimbi yuko njiani.
Seti ya juu imeshika. Ya chini inarukaruka kama ndama. Nimekula maini! Shemeji Selestini ananiita bwana harusi.
Jioni Milembe akauliza, wewe nani? Nikayatoa haraka, kama nilivyozoea. Sasa sikia...
Upepo tu. Fff.
Mjinga mimi! Filimbi ilikuwa ya yale mawili.

Jumapili, 3 Septemba
Siku ya tatu sasa hajala kabisa, hata kwa mkono wa Flora. Nimebandika punje mbili za mahindi kwenye ufizi, nikajaribu kuongea — zikadondoka kwenye uji. Nikacheka peke yangu. Flora hakucheka. Nikatoka nje kidogo.
Nimemtania, nimemwimbia. Kageukia ukuta. Anasema tu, Filimbi akija nitakula.
Uji unapoa. Naandika huku nimeushika mkono wake, haukatai, haunijui.
Mama Flora, meno yote yako kwenye kikombe. Niliyebaki ni mimi. Mwaka ule wa njaa tulibakiwa na kipande kimoja cha michembe. Nikakupa, nikasema nimeshiba. Ulijua nadanganya, ukala, ukasema iko siku nitakulipa. Sijawahi kudai. Leo nadai. Sitaki michembe. Kijiko kimoja tu cha uji, mama. Fungua mdomo —