Kalenda Yetu ya Wawili

Dada yangu mpenzi,

Natumaini hujambo na miguu imeacha kuvimba. Mwanangu ameota meno na anang'ata kila kitu, hata kola ya sare yangu.

Uliniuliza kuhusu kalenda ya simu, kwa kuwa wewe na shemeji mnapishana kazini. Sisi tulijaribu kadhaa. Moja ilijaa matangazo, nyingine ilikuwa ikisahau kila kitu. Tukachagua hii ya rangi: zamu zangu za wodini kijani, safari za lori za mume wangu bluu. Ilitusaidia kweli, ule ugomvi wa "hukuniambia" ulikwisha.

Lakini dada, tangu tumzike, bluu haijakoma. Nilidhani ni mambo aliyoyapanga zamani. Kisha ikaandika, "Mtoto ana homa." Nikamgusa, alikuwa anaungua. Nawe unajua simu yake iliteketea pamoja na lori.

Nikabonyeza kuifuta kalenda. Ikasema inaomba ridhaa ya mwenzangu. Jibu likaja papo hapo: "Amekataa."

Fundi simu alinicheka. "Hitilafu tu hiyo, mama." Bluu ilipojiandika mbele ya macho yake, akanirudishia simu na kuanza kufunga kibanda.

Nikwambie ukweli, nilianza kuizoea, hata kuisubiri. Ila leo imeandika: "Jumamosi dada yako anakuja. Nitampokea stendi."

Hujaniambia kama unakuja. Kama ulitaka kunishtukiza, dada, nakuomba usipande hilo basi.

Mdogo wako akupendaye.