Mashine Iliyoanguka Mikononi mwa Philbert

KITUO CHA POLISI, BUKOBA
7/3/1997, saa 3:30 asubuhi

Jina: Sada binti Muharami
Umri: Miaka 29
Kazi: Mwendeshaji kompyuta, mradi wa kupima damu kwa ajili ya UKIMWI
Makazi: Nshambya

Mnamo tarehe 4/3/1997 saa 4:20 asubuhi nilikuwa ofisini na karani wetu, Philbert. Alikuwa akiingiza majibu ya damu ya watu 212 wa Kimwani. Kompyuta yetu, inayotumia mfumo wa Unix, iliganda, ikajizima na kuwaka yenyewe. Faili lote la Kimwani halikuwepo.

Mkuu wetu, Bwana Nathanieli, alisema, "Umefuta. Nani amekutuma?"

"Sikufuta, mzee," Philbert alijibu.

Saa 6 mchana askari walimchukua. Jioni mkewe, Penina, alikuja kwangu amepasuliwa kichwa kwa jiwe. Watu walisema mumewe amefuta faili ili kuficha majibu ya ndugu zake.

Mashine hiyo ikianguka, yaani ikijizima ghafla, hutakiwa kumwaga kwanza yaliyomo kwenye memori yake diskini, ili ijulikane imekufa kwa nini. Tarehe 5/3 saa 2 asubuhi nilitafuta, sikukuta kitu. Januari tuliongezewa memori ikawa megabaiti 64, lakini sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo ilibaki 40. Haikutosha. Nikaunganisha diski ya akiba, nikaielekeza mashine imwage humo.

Ilibidi ianguke tena, na safari hii mikononi mwangu. Bwana Nathanieli alisimama mlangoni. "Ikiharibika, utamfuata mwenzako." Nilipakia orodha ya watu waliopimwa Ngenge kutoka mkanda wa nakala za akiba ili kuichosha. Saa 5:10 iliganda. Niliiacha ijizime na kuwaka yenyewe.

Ilipowaka, bado sikupata kitu. Mashine ikiwaka hunakili memori iliyomwagwa kwenye faili, na mahali pa faili hilo palijaa barua za zamani za ofisi. Nilipoanza kuziondoa Bwana Nathanieli alipiga kelele, "Unafuta nini?"

"Barua za mwaka juzi, mzee. Nakala ziko mkandani."

Tarehe 6/3 saa 8:40 mchana ilianguka tena, na memori ikahifadhiwa yote. Mistari ya mwisho ilionyesha hitilafu kwenye ile memori ya Januari. Niliichomoa. Mashine haijaanguka tangu hapo. Philbert hakufuta kitu.

Ninakabidhi mkanda wenye ushahidi huo. Lakini memori humwagwa na kila kilichokuwamo, majina na majibu ya watu. Naomba usisomwe hadharani. Penina alipigwa jiwe kwa uvumi tu.

Nilipokuwa nikitafuta hitilafu niliona jina la mume wangu, Yunus. Kumbe alikwenda kupimwa Ngenge, mbali na mjini. Mimi aliniaga kwamba anafuata maharage. Niliyaona na majibu. Jana nilimpakulia chakula, tukala. Sijamwambia, na mimi sijapimwa.

Nimesomewa maneno haya, ni yangu, sina la kupunguza.

Sahihi: Sada Muharami

Maelezo ya askari: Yameandikwa nami, WP Koplo Zuena. Shahidi aliomba maji mara mbili. Mkanda umefungwa kwa lakiri bila kusomwa. Philbert ameachiwa leo saa 7:15 mchana. Aya inayomtaja mume wa shahidi isisomwe mbele ya mtu yeyote bila idhini ya shahidi mwenyewe.