Nani Akae Juu ya Lundo

Mama mpendwa,

Nawaamkia wewe na Baba. Mgongo wako umetulia? Mvua ya huko Punia imewaachia barabara, au magari bado yanalala topeni? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Asubuhi nachota maji, kisha navuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli kwenda shule. Jioni natwanga sombe, yale majani ya muhogo, ya Shangazi huku macho yanajifumba.

Ujumbe wako umenifikia: Shangazi ana nafasi ya mtoto mmoja tu hapa kwake, na mwaka ujao kaka Ramazani aache machimbo, achukue nafasi yangu arudi shule, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Nitakujibu. Kwanza nikusimulie kazi ya darasani.

Mwalimu wa kompyuta ametufundisha lundo. Si la mchanga. Ni namna ya kupanga vitu ndani ya mashine. Kimoja kinakaa juu, chini yake viwili, chini ya kila kimoja viwili tena. Kipya kinaingilia chini kabisa, kinalinganishwa na kilicho juu yake. Kikikishinda, vinabadilishana nafasi, hivyo hivyo hadi kifike mahali pake. Ukichukua, unachukua cha juu. Vitu visivyo na kipimo kimoja havipangiki.

Kikundi chetu kilipewa wagonjwa wa kubuni, mashine itaje nani aonwe kwanza na daktari. Kipimo tukaandika umri. Hakuna aliyesita, mkubwa hutangulia, ndivyo tulivyolelewa. Mashine ikamtaja mzee anayeumwa jino.

"Na huyu mutoto wa degedege?" Mwalimu akauliza.

"Iko chini, Mwalimu," nikajibu.

"Nani alimuweka chini?"

"Lundo."

"Lundo haina mikono, binti. Inafuata tu kile munaiambia."

Rafiki yangu Mariamu akaninong'oneza, "Muzee anapona jino, mutoto tunazika." Tukafuta umri, tukaandika ukali wa ugonjwa, tukawaingiza upya. Mtoto akapanda hadi juu. Wagonjwa walikuwa wale wale.

Nilipomsimulia Shangazi, aliendelea kuosha sufuria. "Ile makina yako njo itatwanga sombe?" Baadaye akasema, "Andikia mama yako. Mimi sina neno katika hii."

Mama, simkatai kaka. Kwa umri yuko juu yangu na atabaki juu. Ninaomba tu, kabla ya kuamua, wewe na Baba mseme mnatulinganisha kwa kipimo gani. Kama ni nani anayeitaka shule, muulizeni na yeye. Tulipoagana aliniambia darasa linambana kuliko shimo. Mkitupima kwa hilo nami nikabaki chini, nitafunga mfuko wangu na kupanda gari la kwanza la Punia, bila kununa.

Msalimie Baba. Bibi, mkamuaji wa mawese, mwambie mafuta yake yamekwisha na Shangazi bado anayasifu. Mdogo wetu Asha asiache kuhesabu kwa kokwa.

Na wewe kaka Ramazani, najua ni wewe unayewasomea barua hii. Usiruke mahali ulipotajwa. Ukifika hapa, weka karatasi chini, uwajibu mwenyewe.

Binti yenu, hadi leo mwanafunzi,
Salima